Vihisi 70, vibanda 300: tuviweke wapi sokoni?

Swali la msomaji: Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni fundi wa elektroniki, nina karakana yangu Kamukunji, Nairobi. Chama cha wafanyabiashara wa sehemu moja ya soko, upande wa Gikomba, wamechanga pesa na kuniomba niwawekee vihisi vya joto vinavyowasiliana kwa redio, ili moto ukianza usiku watu wapate habari mapema. Eneo ni kama mita 60 kwa 90, lina vibanda karibu 300 vya mitumba, mbao, magodoro na chakula. Pesa zinatosha vihisi 70. Nimetumia programu ya kompyuta inayochora duara kwa kila kihisi na kuvipanga kwa algoriti ya kijenetiki, yaani inajaribu mipangilio mingi, inachanganya iliyo bora na kurudia. Nusu kipenyo nimeweka mita 5.3, namba niliyoiona kwenye mwongozo wa Uingereza, na programu inasema nimefunika asilimia 95. Binamu yangu aliye chuo kikuu anasema nipange kwa pembetatu. Waliochanga zaidi wanataka vihisi vianzie kwao. Nifuate nani?

Jibu:

Kaka fundi, salama. Kabla hujamfuata yeyote kati ya hao, panda ngazi uangalie viambaza vinavyotenga vibanda vinaishia wapi. Kama vinagusa mabati, mchoro wako wa maduara umepotoka tangu mwanzo, na ungebaki umepotoka hata ungekuwa na vihisi 200. Nitakueleza sababu kwa hesabu unazoweza kuzirudia mwenyewe, kisha nikupe njia ninayoamini itawafaa watu wako. Jambo lenyewe ni zito. Moto wa Gikomba wa Juni 2018 uliua watu 15, na ulizuka usiku wa manane, watu wakiwa wamelala. Dakika mbili za onyo saa hizo zina thamani isiyolipika.

Tuanze na duara. Mita 5.3 ni namba halali: kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1 kinataka pasiwe na sehemu ya chumba iliyo mbali zaidi ya mita 5.3 kutoka kihisi cha joto kilicho karibu nayo, au mita 7.5 kwa kihisi cha moshi. Ukipanga kwa miraba, vihisi vya joto vinaachana mita 7.5, na eneo lako linahitaji safu 8 zenye vihisi 12 kila moja, yaani 96. Binamu yako ana haki kusema pembetatu inashinda. Mwaka 1939 Richard Kershner alithibitisha kwamba uwanja mpana ukifunikwa kwa maduara yaliyo sawa, hakuna mpangilio unaotumia maduara machache kuliko ule wa pembetatu za pande sawa. Upande wa pembetatu ni nusu kipenyo mara 1.732, kwako mita 9.18, na safu zinaachana mita 7.95. Kila kihisi kinahudumia mita za mraba 73 hivi. Gawanya 5,400 kwa 73, unapata 74. Hiyo ni hesabu ya uwanja usio na kingo. Ukichora sokoni kwako, ambako safu zinakatwa pembeni, utajikuta na safu 8 zinazopokezana vihisi 10 na 11, jumla 84. Wewe una 70. Kwa hiyo hakuna mpangilio utakaofunika kila mita kwa duara hilo, na programu yako haina kosa kwa kushindwa.

Asilimia 95 naiamini kama hesabu. Kinachonisumbua ni ile 5 iliyobaki. Asilimia 5 ya eneo lako ni mita za mraba 270, sawa na vibanda 30 vya mita 3 kwa 3. Programu inaridhika ikiwa mapengo yameangukia njiani pa kupitisha mikokoteni, na inaridhika vilevile ikiwa yameangukia kwenye banda la magodoro analolala mtu. Kwake mita ni mita. Kwako wewe na kwa mwenyekiti wa chama, hapana.

Kuhusu waliochanga zaidi, nitalirudia suala lao baadaye, ila chukua namba hii uende nayo kwenye mkutano. Vihisi vikigawanywa kwa kufuata nani ametoa pesa, mahali pake panakuwa kama pametokana na bahati nasibu. Sehemu inayobaki wazi kwa mpangilio wa nasibu hukadiriwa hivi: zidisha idadi ya vihisi kwa eneo la duara moja, gawanya kwa eneo lote, kisha e (namba 2.718) ipandishwe kwa hasi ya jibu hilo. Duara lako lina mita za mraba 88. Mara 70, gawanya kwa 5,400, unapata 1.14. Asilimia 32 ya soko inabaki wazi, karibu theluthi nzima, kwa vihisi vilevile na pesa zilezile.

Sasa twende kwenye kitu ambacho programu haikioni kabisa. Kihisi cha joto hakitazami moto kutoka mbali. Kinasubiri hewa ya moto ikifikie. Moto ukianza chini, moshi na hewa ya moto hupanda wima, hugonga paa, kisha husambaa pembeni chini ya paa, kama maji yaliyomwagwa kwenye sakafu, ila haya yanatiririka juu chini. Mwaka 1972 Ronald Alpert alichapisha kanuni za joto la mkondo huo chini ya dari tambarare isiyo na vizuizi. Kwa ufupi, ukiongeza umbali mara mbili, ongezeko la joto linashuka hadi kama asilimia 63 ya lile la kwanza. Linapungua polepole, halikatiki ghafla kwenye mita 5.3.

Ona inavyokuwa kwa dari ya mita 2.5. Moto wa kilowati 100 hupandisha joto kwa nyuzi 24 hivi ukiwa mita 2.65 kutoka ulipo moto, na kwa nyuzi 15 ukiwa mita 5.3. Ili kihisi cha mbali nacho kipate nyuzi 24, moto lazima ufike kilowati 200. Wahandisi wa moto wana daraja wanaloliita moto unaokua kwa haraka: nguvu yake hupanda kwa mraba wa muda na kufika megawati 1 katika sekunde 150. Moto wa namna hiyo unafika kilowati 100 kwenye sekunde ya 46 na kilowati 200 kwenye sekunde ya 65. Tofauti ni sekunde 19. Sogeza kihisi hadi mita 10.6, mara mbili tena, inakuwa sekunde ya 92. Zipo sekunde nyingine ambazo kihisi chenyewe kinahitaji ili kipate joto, na magodoro ya sponji yanaweza kuwaka kasi kuliko daraja hilo, lakini sura ya jambo ni hiyo: chini ya paa moja lisilo na vizuizi, mita zinakugharimu sekunde.

Kiambaza kinachogusa mabati kinakugharimu karibu kila kitu. Hewa ya moto inajaa kwenye kibanda kilichowaka, na kihisi kilicho umbali wa mita moja upande wa pili kinabaki baridi hadi plaiwudi yenyewe iungue. Ndiyo maana kiwango kilekile cha Uingereza kinasema kiambaza au rafu ikifika chini ya milimita 300 kutoka dari ihesabiwe kuwa ukuta kamili. Ulichukua mita 5.3 na kuliacha sharti hili, na kwa soko lenu sharti hili lina uzito kuliko namba.

Kwa hiyo weka kando ramani ya mita za mraba, chora ramani ya mapaa. Chukua karatasi kubwa, chora kila kibanda, kisha kwa kalamu nyekundu zungushia vibanda vyote vinavyoshiriki hewa moja chini ya paa: mahali ambapo viambaza vinaishia zaidi ya milimita 300 chini ya mabati, au palipowekwa waya wa matundu badala ya mbao. Kila mzunguko mwekundu tuuite chumba cha paa. Utakuta vyumba vingine vina vibanda 9 chini ya paa moja refu, na vingine ni kibanda kimoja kilichofungwa kama sanduku. Chumba cha vibanda 9 kinaweza kutosheka na kihisi kimoja au viwili. Lile sanduku linahitaji chake, hata kama lina mita 2 kwa 2.

Macho hudanganya, hasa palipojaa marobota ya nguo hadi juu. Pima. Nenda alfajiri ya Jumapili kabla wenye vibanda hawajafika, ukiwa na ruhusa yao na mmoja wao akiwa kando yako, na ndoo mbili za mchanga. Washa jiko kubwa la makaa nje, likikolea liingize, liweke chini kwenye nafasi wazi ya kibanda kimoja mbali na bidhaa. Tundika themista (vipima joto vidogo vya elektroniki) tatu au nne sentimita 5 chini ya paa: moja juu ya jiko, moja kibanda cha pili, nyingine cha tatu. Jiko halitafika hata kilowati kumi, na hulihitaji lifike. Unachotafuta ni tofauti kati ya vipimo. Joto likipanda nyuzi 4 juu ya kibanda chenye jiko na nyuzi 2 kwa jirani, hao wawili wanashiriki chumba cha paa. Jirani akikaa vilevile kwa dakika kumi, ametengwa, hata kama kwa macho uliona upenyo. Andika kila jibu kwenye karatasi yako. Huhitaji kupima vibanda vyote 300; pima kila aina ya ujenzi mara chache na sehemu zote unazozitilia shaka.

Hapa pia ndipo utapata ufunikaji wa bei nafuu kuliko wote. Pale ambapo viambaza ni plaiwudi, makuti au magunia, omba mafundi wakate sehemu ya juu sentimita 40 na kuweka waya wa matundu. Mwizi hapiti, hewa ya moto inapita, na vibanda vitatu vilivyokuwa vikihitaji vihisi vitatu sasa vinatumia kimoja. Fanya hivyo tu pale ambapo kiambaza kisingezuia moto hata hivyo. Ukuta wa mawe usiuguse kamwe: kazi yake ya kuzuia moto usivuke ina thamani kuliko kihisi chochote nitakachokushauri.

Ukishapata ramani ya vyumba vya paa, tengeneza jedwali. Safu za kushuka ni mahali unapoweza kuweka kihisi. Za kulala ni vibanda. Weka alama pale ambapo kihisi cha mahali fulani kitahisi moto wa kibanda fulani ndani ya muda mliokubaliana, tuseme dakika moja na nusu. Muda huo amueni na chama, kwa sababu ndio unaozaa umbali. Mkisema dakika moja, eneo la kihisi linapungua. Mkisema mbili, linapanuka. Watu huuliza kihisi kinafika mita ngapi kana kwamba jibu limeandikwa kwenye boksi, na limo mikononi mwao.

Kisha kila kibanda kipe uzito. Mimi ningeanza na 1 kwa kibanda cha kawaida. Ongeza kwa jiko au chapati zinazopikwa humo, kwa stima iliyounganishwa kiholela, kwa wanaochomelea vyuma, kwa sponji na magodoro. Palipo na mtu anayelala ongeza zaidi ya vyote, na hapo sitaki mjadala wa thamani ya mali. Ongeza pia kwa vibanda vya ndani kabisa, ambako gari la zimamoto halipenyi. Kituo cha Tom Mboya Street hakiko mbali na kwenu, ila mita mia za mwisho ndani ya vichochoro ndizo zinazokula muda.

Sasa kanuni ya kuchagua. Kihisi cha kwanza kiweke mahali panapokusanya uzito mkubwa kuliko pengine pote. Futa vibanda vilivyokwisha kufunikwa, hesabu upya, weka cha pili, endelea hadi 70. Mfano mdogo: paa refu la A lina vibanda 9 vyenye uzito wa jumla 14. Chumba B kina vibanda 4 tu, vya magodoro, na mlinzi analala humo, uzito 16. Mahali C, kwenye mpaka wa paa la A na paa jirani, panafunika vibanda 5 vya A na 6 vya jirani, uzito 15. Sanduku D ni kibanda kimoja cha mchomeleaji, uzito 9. B inachukua kihisi cha kwanza, C cha pili. A sasa imebaki na vibanda 4 ambavyo havijafunikwa, uzito 6, kwa hiyo cha tatu kinakwenda D. Macho yangekupeleka kwenye paa refu la A mwanzo kabisa, na hesabu imeiweka mwisho.

Njia hii rahisi ina dhamana. Mwaka 1978 George Nemhauser, Laurence Wolsey na Marshall Fisher walithibitisha kwamba, kwa matatizo ambayo kila nyongeza mpya huleta faida ndogo au sawa na ile ambayo ingeleta mapema, kuchagua hatua kwa hatua namna hii hakukupi kamwe chini ya asilimia 63 ya jibu bora kabisa linalowezekana. Hiyo ni hali mbaya kuliko zote. Katika kazi za kila siku jibu huwa karibu zaidi na lililo bora. Jibu bora lenyewe ni gumu kulipata kwa uhakika, kwani tatizo hili ni la jamii ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kulitatua kikamilifu linapokuwa kubwa. Algoriti yako ya kijenetiki si mbaya, na ukiipa jedwali hili badala ya maduara inaweza kukupatia pointi chache za ziada. Lakini mimi ningetumia njia ya hatua kwa hatua, kisha nijaribu kubadilishana kihisi kimoja kimoja kuona kama jumla inapanda. Sababu yangu kubwa ni kwamba unaweza kuieleza mbele ya mhazini kwa dakika tano, na kila mtu akaona kwa nini kihisi kimekwenda kwa jirani na hakikuja kwake. Jibu la programu halielezeki hivyo, na soko likikosa imani na vihisi, vitang'olewa.

Kiwango cha kuamsha king'ora nacho ni sehemu ya ufunikaji. Ukikishusha, kila kihisi kinaona mbali zaidi, na kila jua la mchana chini ya mabati linapiga king'ora. Ukikipandisha, kelele inaisha na eneo linapungua. Vihisi vya kiwandani vya daraja A1 huamka kati ya nyuzi 54 na 65, na vya aina ya pili huangalia kasi ya kupanda, mara nyingi karibu nyuzi 8 kwa dakika. Kwenu tumia vyote viwili kwa pamoja. Kampuni ya Lumkani ya Cape Town, iliyoanza mwaka 2014 kwa ajili ya mitaa ya mabanda, ilichagua kasi ya joto na kuacha moshi kwa sababu watu hupika kwa moto wazi ndani ya vyumba vidogo, na vifaa vyake hupiga kelele pamoja na vya majirani. Nakubaliana nao kabisa. Mama anayekaanga samaki asubuhi hapaswi kulipigia soko lote king'ora. Kwenye vibanda vya chakula pandisha kiwango cha kasi kidogo, hamisha kihisi kisiwe juu ya jiko moja kwa moja, na ukumbuke kupunguza eneo lake kwenye jedwali, maana umelipunguza kweli.

Utasoma ushauri kwamba kila mahali pafunikwe na vihisi viwili ili kimoja kithibitishe kingine. Kwa vihisi 70 usithubutu kuweka sharti hilo. Ukisema king'ora kisilie hadi vihisi viwili vikubaliane, kila kibanda chenye kihisi kimoja, na kwenu hivyo ndivyo vingi, kimeondolewa kwenye ulinzi bila mwenyewe kujua. Gawanya hatua: kihisi kimoja kikiamka, kilie papo hapo na simu ya mlinzi ipate ujumbe; cha pili kikiamka, au cha kwanza kikiendelea kupanda kwa sekunde 20, king'ora kikubwa cha soko kilie. Vihisi viwili viweke pale tu wanapolala watu. Kama kila kihisi kina nafasi 9 kati ya 10 ya kuwa kizima usiku huo, viwili vinakupa 99 kati ya 100, mradi visikosee kwa sababu moja. Kwa hiyo betri zao zisitoke pakiti moja siku moja.

Redio haitakupa shida ya umbali. Honghai Zhang na Jennifer Hou walionyesha mwaka 2005 kwamba redio ikifika angalau mara mbili ya umbali wa kuhisi, eneo likifunikwa lote basi vihisi vyote vimeungana. Wewe unahisi mita chache na redio ya LoRa, ile ya umeme mdogo inayofika mbali, inapita mita mia kadhaa hata mjini, kwa hiyo sharti hilo limetimia kwa ziada kubwa. Adui wako ni mabati. Kihisi kinataka kukaa karibu na paa, sentimita 2.5 hadi 15 chini yake, na antena haitaki kabisa kubanana na chuma. Tenganisha viwili hivyo: themista juu, kwenye waya, isiguse mabati yanayochomwa na jua, boksi la redio na betri chini kwenye boriti au nguzo ya mbao, antena ikining'inia wima, angalau sentimita 9 kutoka chuma chochote, ambayo ni robo ya wimbi la megahezi 868. Hakikisha na Mamlaka ya Mawasiliano kwamba masafa na nguvu za redio ulizonunua vinaruhusiwa. Weka vituo viwili vya kupokea, ncha mbili za soko, kila kihisi kisikike na vyote viwili, kila kituo na betri yake, kwa kuwa moto mwingi wa sokoni hukata stima kabla ya kitu kingine.

Kuhusu kulaza vihisi kwa zamu ili kuokoa betri, ambayo imejaa kwenye maandishi ya somo hili: hiyo ni ya wenye vihisi vya ziada. Wewe huna hata kimoja cha kulaza. Acha kipimo kichukuliwe kila sekunde 4, redio ikae kimya isipokuwa kwa hatari na kwa salamu fupi kila dakika 15. Wastani wa umeme ukiwa maikroampea 50, betri ya miliampea-saa 2,400 inadumu zaidi ya miaka 5 kwenye karatasi. Panga kubadilisha kwa nusu ya muda huo. Salamu ikikosekana mara tatu mfululizo, ramani kwenye simu ya mwenyekiti ionyeshe vibanda vya kihisi hicho kwa rangi nyekundu. Hilo pengo ni halisi kama lile la siku ya kwanza, na kihisi cha akiba kiwe kwenye sanduku la mlinzi. Naam, namaanisha ufunge 66 na kuacha 4 vya akiba. Vile vinne vya mwisho kwenye orodha yako vitakuwa na uzito mdogo sana, utaviona mwenyewe.

Sasa waliochanga zaidi. Usiwakatalie kwa maneno, waonyeshe jedwali. Kihisi kilicho kwenye kibanda chako ni cha kukuonya kwamba moto umeanzia kwako. Aliye na mali nyingi anaogopa zaidi moto utakaomjia kutoka kwa jirani asiye na kitu, yule mwenye jiko na waya zilizochubuka, na huo utahisiwa na kihisi kilicho kwa jirani. Wakitaka cha nyongeza kwao, wanunue cha 71, na uwakubalie kwa moyo mweupe, kwa kuwa kitaingia kwenye mtandao huohuo.

Kifaa ulichotengeneza karakanani hakichukui nafasi ya vifaa vilivyothibitishwa wala ya ndoo za mchanga na vizima moto, kwa hiyo wahusishe maafisa wa zimamoto wa kaunti mapema, kabla ya kufunga, na uwaonyeshe ramani yako ya vyumba vya paa. Itawafaa hata wao. Na mwombe katibu wa chama aandike kwenye kanuni kwamba mtu yeyote anayepandisha kiambaza, kuongeza paa au kugawa kibanda mara mbili akuarifu kwanza. Masoko ya Nairobi hujengwa upya usiku kucha baada ya kila moto, na hata bila moto mbao huhama kila mwezi. Kiambaza kimoja kipya kinaweza kukiacha kihisi chako cha uzito wa 15 na kibanda kimoja tu cha kulinda. Rudi na ngazi yako kila baada ya miezi mitatu, na nitumie ile karatasi yenye kalamu nyekundu ukishaichora. Ningependa kuiona kabla hujatoboa boriti ya kwanza.